Meza ya Watu Watatu

Bado amesimama, msomaji. Tangu tulipomwacha wiki iliyopita yuko pale pale katika uwanja wa mpira wa Barcelona, Emérence wa Butembo, Kongo, mkono mmoja kifuani, macho kwenye televisheni kubwa iliyotundikwa juu ya vichwa vya watu. Wa nyuma yake wanamwambia kwa Kispanyola akae, nao wapate kuona. Hakai. Sura aliyoiona pale juu ni ya mwanawe Jephté, na Jephté alizikwa.

Tuseme vizuri: lilizikwa sanduku. Ndani yake mlikuwa na suruali yake ya kanisani, viatu na glavu zake za golikipa, kwa sababu mwili haukupatikana. Baba yake, Maliro, alimtuma Eringeti kutafuta kakao ya kununua, na gari alilopanda likakutwa njiani limechomwa na waasi wa msituni. Maliro mwenyewe ndiye aliyekwenda kuangalia. Alirudi akisema hakuna aliyetoka mzima. Basi mchungaji akaomba, sanduku likashushwa, na msalaba wenye jina la kijana ukasimamishwa katika makaburi ya Butembo.

Sasa miaka imepita, na kijana huyo ameonekana Ulaya, amevaa jezi ya kijani, anacheka, mdomo umejaa kitu anachotafuna.

Kamera ilihamia kwa mzee mwenye kofia ya ukili. Emérence alikuwa amekwisha kuona vya kutosha. Nyuma ya goli, upande wa kushoto, chini. Alichukua sakoshi yake ya begani, akapita juu ya magoti ya watu, akaanza kushuka ngazi.

Maliro alimfuata akimwita kwa sauti ya chini, sauti ya mzee wa kanisa asiyetaka kuonekana anagombana na mke wake mbele za watu. Emérence hakugeuka.

Hapo hapo goli likaingia. Uwanja mzima ukainuka. Emérence akajikuta katikati ya vifua na mikono ya watu asiowajua, wakimkumbatia, mmoja akambusu shavuni. Kati ya mabega yao aliona jezi ya kijani. Akasukuma. Akaifikia, akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza.

Alikuwa mwanamke Mzungu wa makamo, mwenye nywele fupi. Mwanamke huyo aliona machozi ya Emérence, akadhani ni ya furaha ya goli, naye akamkumbatia.

Maliro alimtoa nje akiwa amemshika kiwiko, wakapanda taksi kurudi bandarini, kwenye meli yao ya utalii. Nje mji ulikuwa unapita na makanisa yake ya ajabu yenye minara iliyochongoka, ambayo asubuhi walikuwa wameyapiga picha na kuwatumia ndugu zao. Sasa hakuna aliyeyatazama.

Mtu mwingine yeyote angeuliza: umeona nini? Maliro hakuuliza. Hilo ndilo lililomtisha Emérence. Alikuwa amekaa na mikono katikati ya magoti kama mtu mwenye baridi, na ulikuwa mwezi wa nane, dereva mwenyewe amefungua shingo ya shati kwa joto.

"Nimemuona Jephté," Emérence akasema.

Maliro aliendelea kutazama dirishani.

"Miye namuonaka tangu Roma," akasema.

Akaeleza polepole, bila kumtazama mkewe. Roma, kwenye lile jengo kubwa la mviringo lililobomoka, mwongoza wageni alipokuwa akiwasimulia habari za simba, yeye alikuwa amemwona kijana wao ameketi juu ya jiwe, anachezesha miguu. Halafu Marseille, katika kanisa la juu ya kilima. Jephté alikuwa amesimama kati ya watu wanaowasha mishumaa, amewapa mgongo, kisha akatoka kwa mlango wa pembeni.

Mlango ule wa pembeni Emérence aliujua. Mgongo ule alikuwa ameuona pia, Marseille, wakati ule ule, na alikuwa amenyamaza ili asimharibie mume wake mapumziko.

Maana safari ilikuwa wazo la Maliro. Ndiye aliyesema watoke kidogo katika ile nyumba, waache duka lake la vipuri vya pikipiki na cherehani yake Emérence, waende Ulaya wakaone, wale vizuri, wapande meli, wapumzike kama watu wengine. Na kweli walikula. Walipiga picha wakicheka. Kumbe kila mmoja alikuwa anatembea na maiti yule yule, akimficha mwenzake.

"Mbona hukusema?" Emérence akauliza.

"Na weye?"

Taksi iliwashusha bandarini.

Meli iling'oa nanga jua likiwa bado kwenye madirisha ya mji. Emérence alitaka kulala tu. Lakini Maliro alikuwa amewekesha meza kwa chakula cha jioni katika ukumbi mkubwa wa chini, ule wa wanaovaa vizuri, na alishikilia kwamba lazima waende. Alibadilisha shati. Alimwomba mkewe avae kitenge kile cha Pasaka. Emérence alivaa kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kubishana.

Mhudumu aliyewapokea alikuwa mtu wa Madagaska, mpole, mwenye Kifaransa cha taratibu. Aliwapeleka penye dirisha. Kitambaa cheupe, maua, kikaratasi kimeandikwa: Famille Maliro, Butembo.

Sahani zilikuwa tatu.

Emérence alimwambia mhudumu kwamba wako wawili tu, aondoe moja. Mhudumu hakuondoa. Alimtazama Maliro, kama mtu aliyekwisha kupewa amri nyingine.

"Ni miye," Maliro akasema. "Niliomba ya batu batatu. Ku Roma vilevile. Ku Marseille vilevile."

Emérence akakumbuka kile kiti cha Roma ambacho mumewe alimwambia aweke sakoshi yake juu yake, na kile cha Marseille ambacho alikiegemeza kwenye meza kama mtu anayemwekea mwingine nafasi. Alikuwa ameona, na hakuwa ameona.

Maliro akajieleza. Jephté alipopata diploma ya sekondari, yeye baba yake alimwahidi mbele ya wageni wote: nitakupeleka Ulaya, utaona mechi, utapanda meli kubwa, utakula kama waziri. Mwaka ule akaahirisha. Uliofuata akaahirisha tena. Kisha ikawa Eringeti. Alipokata tiketi za safari hii, alisema, aliona aibu kuja bila mwenye safari.

"Donc unamuita," Emérence akasema. "Kila siku unamuwekea sahani, unamuita, kisha unashangaa anakuja. Weye muzee wa kanisa."

"Nilimuahidi."

"Ulimuahidi mutoto muzima. Uyu anatufuata mu njia haukumuahidi kitu. Umuache alale."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, lakini watu wa meza ya jirani waliacha kutafuna. Maliro aliinamisha kichwa. Akaificha mikono chini ya meza.

Mhudumu alirudi na supu ya samaki. Aliwaona hawasemeshani, na kwa wema wake akataka kuwasaidia. Akawaambia wasikasirike kwa ajili ya kijana, kijana si mkosefu, alikwisha kupita hapa.

"Kijana gani?" Emérence akauliza.

Yule aliyekuja wakati meza zinaandaliwa, mhudumu akasema. Alisimama nyuma ya hicho kiti cha tatu, akasoma kikaratasi, akauliza kama hii familia ya Butembo huingia kwa mlango gani. Kisha akatoka kwa mlango wa wafanyakazi. Anaongea Kifaransa kama chenu kabisa, mhudumu akaongeza. Nilidhani ni mwana wenu.

Emérence aliweka kijiko chini. Tangu utoto alikuwa amesikia habari nyingi za wafu wanaorudi. Hakuwahi kusikia habari ya mfu anayemuuliza mhudumu.

Akasimama. Akapita kwenye mlango mkubwa wa ukumbi, Maliro nyuma yake, mhudumu nyuma ya Maliro akiwa na wasiwasi wa supu inayopoa.

Nje ya ukumbi kulikuwa na ukuta wa picha. Ndiyo desturi ya meli hizi: unapigwa picha unapopanda, kisha picha zinatundikwa ili wenye sura zao wazinunue. Emérence hakuwahi kusimama pale. Safari hii alisimama. Alipitisha macho kwenye Wazungu wenye miwani ya jua, akajiona mwenyewe na Maliro kwenye ngazi ya meli siku ya kwanza, wamekakamaa, wametabasamu kwa amri ya mpiga picha.

Nyuma yao, kijana mwenye nguo nyeupe za kazi alikuwa anasukuma kigari cha mashuka. Aligeuza kichwa akiwatazama. Ni Jephté.

"Leta manunettes yako," Emérence akamwambia mumewe.

Maliro alivaa miwani. Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye picha. Alinyoosha kidole, akagusa ile sura ndogo nyuma ya bega lake, akaondoa kidole haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Basi hayakuwa macho yao tu. Chombo cha Mzungu nacho kilikuwa kimemwona.

Mhudumu alichungulia. Ndiye huyo, akasema. Sasa, kwa hizo nguo nyeupe, namtambua: anaitwa Ézéchiel, wa kufua mashuka, Mkongomani kama ninyi, ameingia kazini msimu huu.

Jina halikuwa lake. Lakini Emérence aliwajua wengi waliotekwa na waasi wakatoka msituni na majina mengine. Alimwomba mhudumu amwite. Mhudumu alisita, akaeleza kwamba watu wa kufua hawaruhusiwi kupanda kwa abiria. Kisha akamtazama tena yule mama aliyeshikilia ukuta, akasema wamngoje nyuma, juu, kando ya bwawa la kuogelea.

Juu kulikuwa na upepo na harufu ya dawa ya maji. Watu wazima waliovaa nguo za kuogea walikuwa wanarushiana mpira ndani ya bwawa na kupiga kelele. Ufuo wa Hispania ulikuwa bado unaonekana, mstari mwembamba. Maliro alianza kuomba kwa Kinande, lugha ya kwao, midomo tu. Emérence hakuomba. Alikuwa anatazama mlango wa chuma.

Ukafunguka.

Alitoka Jephté. Mabega yake, kichwa chake kilichoinamia upande mmoja, ule mwendo wa mtu anayejizuia asikimbie. Jezi ya kijani juu ya nguo nyeupe. Emérence alisimama, akafungua mikono.

Lakini kila hatua aliyokaribia ilimwondolea kitu. Kwanza kidevu. Kisha paji la uso. Kisha masikio. Alipofika mbele yao hakukubaki kitu cha Jephté isipokuwa umri na weusi wake na urefu. Alikuwa mtoto wa mtu mwingine. Emérence alishusha mikono. Hakulia siku ya sanduku, kwa kuwa sanduku lilikuwa jepesi mno na hakuliamini. Sasa alilia, amesimama, mbele ya Wazungu wanaocheza mpira.

Kijana alivua kofia ya kazi.

"Jambo, mama Jephté," akasema.

Hakuna mtu katika meli ile aliyekuwa amesikia jina hilo.

Walimketisha mama. Emérence alifuta uso kwa pindo la kitenge, akamuuliza yeye ni wa nani na jina hilo amelitoa wapi. Alijibu kwamba kwao ni Eringeti. Aliwatambua siku ya kwanza pale ngazini walipoitwa kwa jina, maana jina la Maliro na kazi ya vipuri alikuwa ameyasikia mara nyingi, lakini akaogopa kuwasogelea. Amekuwa akiwafuata kwa mbali kila anapopata ruhusa ya kushuka. Marseille alikuwa kanisani. Leo alikuwa uwanjani na wenzake wa kazi.

Lakini Roma hakuwepo, akasema. Meli ilikuwa bado bandarini, na yeye alikuwa anafua.

Basi yule Maliro aliyemwona juu ya jiwe hakuwa yeye.

Ézéchiel akaendelea. Alikuwa katika gari lile la Eringeti. Waliteremshwa kabla halijachomwa, wakatwishwa mizigo, wakaingizwa msituni. Wengi hawakufika mbali. Yeye na Jephté walifika. Walikaa huko pamoja, wakibeba, wakilima, wakipigwa, wakifanya walichoamriwa.

"Kila mangaribi alikuwa anatuambia tu ile safari," kijana akasema. "Papa atanipeleka Roma. Nitaona mechi. Nitapanda bateau yenye iko na piscine juu. Tuko na njaa, mvua inatunyeshea, yeye anatuambia tutakula nini mu bateau. Anapanga sahani kwa muntu na muntu. Miye nilikuwa sijue kama bateau ya vile iko kweli. Nilipotoka nikasema niende nione."

Alitazama bwawa, akatazama tena miguu yake.

Emérence aliuliza swali alilokuwa amelibeba miaka yote. Aliuliza kwa utulivu, kama mtu anayeuliza njia.

"Alikufa siku gani?"

"Hakukufa, mama. Tulitoroka wote wawili."

Mpira ulirushwa nje ya bwawa, ukabingirika mpaka miguuni mwa Maliro. Hakuuokota. Mwogeleaji mmoja alikuja akauchukua mwenyewe.

Walitokea mjini Beni, Ézéchiel akasema, wamekonda hata watoto waliwakimbia. Yeye alibaki pale kutafuta ndugu zake. Jephté akaendelea mpaka Butembo. Alifika asubuhi, pembeni ya mtaa wao. Mwanamke muuza ndizi alimwona, akatupa kikapu, akakimbia akipiga mayowe ya mzimu. Hivyo ndivyo Jephté alivyojua kwamba amekufa. Alikwenda makaburini kuhakikisha. Alikuta msalaba, jina lake, maua bado mabichi. Alikaa juu ya kaburi lake mwenyewe mpaka mvua ikanyesha, kisha akageuka.

"Aliniambia: bamekwisha kunililia, bamemaliza. Na vile balitufanyisha kule mu pori… Alisema mutoto mwenye kufa iko musafi. Akirudi, haiko tena musafi."

"Iko wapi?" Emérence akauliza.

Ézéchiel alitazama mlango wa chuma. Kisha akasema: Musienene. Analima viazi katika shamba la watu, anajiita Zorobabel, hakuna anayemjua.

"Siku za soko anakuonaka, mama. Unapitaka karibu. Anajifunika kofia."

Musienene. Emérence alikuwa akienda pale kila mara kununua viazi na maharage. Aliona mbele ya macho yake safu za magunia, na nyuma ya magunia vichwa vya watu vilivyoinama, vingi, asivyowahi kuvitazama. Alikuwa amemtafuta mwanawe Barcelona.

Alinyoosha mkono na kuomba simu. Ézéchiel alisema amekatazwa. Jephté alimwapisha. Emérence hakurudisha mkono. Aliuacha pale hewani, kiganja wazi, mpaka kijana akashindwa kuutazama. Akatoa simu, akasema mtandao wa nchi kavu bado unashika kidogo, akabonyeza, akampa.

Ililia mbali, kwa sauti ya kukwaruza. Maliro alisogea na kubandika sikio upande wa pili wa simu. Shavu lake lilikuwa limelowa jasho.

"Allô, Ézé. Na leo umebaona?"

Sauti ilikuwa imenenepa, imekuwa ya mwanamume. Emérence aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Jephté," akasema.

Kule Musienene mbuzi alilia, mtu alipita akiimba, akaenda. Simu haikukatwa. Emérence alisikia mwanawe anavyovuta pumzi, moja, nyingine, kama alivyokuwa akivuta akiwa na homa.

"Mama," sauti ikasema mwisho. "Uko peke yako?"

Emérence alihisi shavu la Maliro linakakamaa dhidi ya mkono wake.

"Mama, kama papa iko hapo, kata simu. Papa asijue kama niko muzima. Yeye alijua waasi beko ku ile njia, na akanituma."

Emérence aligeuza macho. Uso wa mumewe ulikuwa karibu na wake kuliko ulivyowahi kuwa katika safari nzima. Alitafuta mshangao ndani yake. Hakuuona. Maliro alikuwa anamtazama tu, macho mekundu, na taratibu akatikisa kichwa, bila Emérence kujua kama anakataa au anaomba.

Ufuo ulikuwa umepotea. Ézéchiel alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa, mgongo kwenye mlango wa chuma.

Emérence aliihamisha simu kwenye sikio lake la pili, mbali na mumewe, bila kuacha kumtazama machoni.

"Niko peke yangu," akasema. "Sema, mutoto wangu."